Muulize Mwalimu: Tano nini?

Maswali ya vipimo safari hii yamekuja mengi kuliko ya mada nyingine yoyote. Nadhani ni kwa sababu Kidato cha Kwanza ndiyo kwanza wanaingia maabara, na Kidato cha Nne wanajiandaa na mtihani wa vitendo. Nimefurahi sana. Nimefundisha fizikia miaka 31, na kauli niliyoirudia kuliko zote darasani ina maneno mawili tu: "Tano nini?" Mtoto anasimama, anajibu "tano", anakaa. Namwinua tena. Tano nini? Mita tano, sekunde tano, mbuzi watano? Hadi leo nikikutana stendi na mtu mzima mwenye watoto wake, kama alipita mikononi mwangu, huniamkia kwa maneno hayo kabla ya shikamoo. Na mimi huona kazi yangu haikupotea.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Kidato cha Nne. Katika jaribio la pendulamu (kijiwe kinachobembea kwenye uzi) uzi wangu ulikuwa sentimita 50. Nilihesabu mibembeo 20, stopwochi ikasoma sekunde 14.2. Nilipotafuta g (mchapuko wa mvuto wa dunia) nikapata 39 badala ya 9.8. Rafiki yangu wa meza moja alitumia urefu huohuo, yeye akapata sekunde 28.3, lakini g yake ikawa 986. Wote wawili tumepewa sifuri. Tumekosea wapi? (Mwanafunzi, Singida)

JIBU: Marahaba mwanangu. Ahsante kwa kuniandikia namba zako zote, maana wengi huniandikia "jibu limekataa" na kuniacha nikipiga ramli. Kwa namba hizi naweza kukuona ulivyosimama pale mezani.

Tuanze na wewe. Muda wa mbembeo mmoja unapata kwa kugawa 14.2 kwa 20, ni sekunde 0.71. Kipeo chake cha pili ni 0.504. Kanuni inasema g ni 4π² mara urefu, gawa kwa kipeo cha pili cha huo muda. Urefu ni mita 0.5, na 4π² ni 39.48, kwa hiyo juu una 19.74, chini una 0.504, na jibu ni 39.2. Hesabu zako ni safi kabisa, sina pa kuweka kalamu nyekundu. Kosa liko mkononi, halimo kwenye daftari. Angalia: 39.2 ni mara 4 kamili ya 9.8. Nne ni kipeo cha pili cha mbili. Maana yake muda wako ni nusu ya muda wa kweli. Ulikuwa unahesabu "moja" kijiwe kilipofika upande wa pili, na "mbili" kiliporudi. Mbembeo mmoja ni kwenda na kurudi hadi kijiwe kifike pale kilipoanzia, kikielekea upande uleule. Wewe ulihesabu kwenda kuwa moja na kurudi kuwa nyingine, hivyo mibembeo yako 20 ilikuwa 10.

Rafiki yako alihesabu vizuri. Sekunde 28.3 kwa mibembeo 20 ni 1.415 kwa mmoja, kipeo cha pili ni 2.00. Lakini yeye aliingiza urefu wa 50 kama ulivyo, kwa sentimita, akapata 986, kisha akaandika mita kwa sekunde mraba. Jibu lake ni sentimita 986 kwa sekunde mraba, yaani mita 9.86. Ni jibu zuri sana kwa uzi na kijiwe! Limeharibiwa na kizio tu. Kama mimi ndiye ningesahihisha, angepata alama zote za kupima na kukosa ya jibu la mwisho. Nyie wawili mngekaa dakika tano mkalinganisha karatasi zenu, kila mmoja angegundua kosa la mwenzake. Sekunde 14 na sekunde 28 kwa uzi uleule, na hakuna aliyeshtuka?

Kwa kuwa mtihani unakaribia, acha niwape makosa mengine mawili ambayo nimeyaona kila mwaka. La kwanza ni kuanza kuhesabu na "moja" wakati ule ule wa kubonyeza stopwochi. Ukifanya hivyo, ukifika "ishirini" kijiwe kimebembea mara 19 tu, na g yako itapanda hadi 10.9 hivi. Wanafunzi wangu niliwazoesha kuhesabu kwa sauti kurudi nyuma huku kijiwe kikiendelea kubembea: tatu, mbili, moja, sifuri, na kwenye "sifuri" ndipo kidole kinabonyeza. Maabara nzima ilikuwa ikisikika kama watoto wanaocheza kombolela. La pili ni urefu. Urefu wa pendulamu hauishii kwenye fundo la uzi, unaishia katikati ya kijiwe. Kijiwe chenye kipenyo cha sentimita 2, ukisahau ile nusu yake, umepunguza sentimita 1 katika 50, na g itakupa 9.6.

Msishangae pia mkipata 9.78. Hiyo ndiyo thamani ya kwetu huku karibu na ikweta. Kwenye ncha za dunia hufika 9.83. Mfaransa Jean Richer aliligundua jambo hili mwaka 1672 alipobeba saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta. Saa ile ile iliyokuwa sahihi Paris ikawa inachelewa dakika mbili na nusu kwa siku, akalazimika kufupisha pendulamu yake kwa milimita karibu 3. Alikuwa na haki ya kudhani saa imeharibika. Lakini aliviamini vipimo vyake kwa kuwa alikuwa amevirudia wiki kwa wiki kwa miezi mingi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mkulima, fizikia niliiacha zamani, ila hili nadhani linakuhusu. Nimenunua ekari moja. Dalali alitembea mbele yangu hatua 70 kwa 70, mashahidi wakiwepo. Kijana wangu anayesoma sekondari amekuja na futi kamba, amepima mita 52 kwa mita 51. Anasema nimeibiwa. Wazee wanasema ekari ni hatua 70 kwa 70 tangu enzi. Nani mkweli? (Mama wa watoto wanne, Kilosa)

JIBU: Dada yangu, pole. Wazee ni wakweli na kijana wako ni mkweli. Aliyeharibu ni mguu wa dalali.

Ekari ni kipimo cha Waingereza, na kwao ni yadi za mraba 4,840. Zidisha 70 kwa 70 unapata 4,900. Unaona ilivyokaribia? Ile "hatua" ya wazee ilikuwa yadi, yaani sentimita 91. Hiyo ni hatua ya kunyoosha mguu kwa makusudi, ndiyo maana wapimaji wa zamani vijijini walionekana kama wanaruka mifereji. Mtu akitembea kawaida yake hatua yake ni kama sentimita 75. Gawa mita 52 kwa 70 uone: hatua ya dalali wako ilikuwa sentimita 74. Alitembea tu kama anaenda sokoni.

Sasa ekari moja kwa mita ni mita za mraba 4,047. Wewe una 52 mara 51, ni mita za mraba 2,652. Hiyo ni chini ya theluthi mbili za ekari. Na hapa nataka kijana wako aangalie vizuri, kwa sababu ni somo lake la Kidato cha Kwanza: hatua ilipungua chini ya moja ya tano tu, lakini shamba limepungua theluthi nzima. Kosa la urefu likiingia kwenye eneo linaingia mara mbili, upande huu na upande ule. Likiingia kwenye ujazo linaingia mara tatu.

Kuna na kosa la upande wa pili ambalo nimelisikia hata kwa watumishi: kusema ekari ni "mita 70 kwa 70". Hiyo ni mita za mraba 4,900, ekari moja na zaidi ya moja ya tano. Ukikutana na muuzaji anayesema hivyo, nunua haraka. Ukitaka ekari ya mraba kwa mita, kila upande uwe mita 63 na sentimita 60 hivi.

Rudi kwa mwenyekiti wa kijiji na mashahidi wale wale, mkapime kwa futi kamba mbele ya muuzaji. Kama hati ya mauzo imeandikwa "ekari moja", una haki ya kudai. Kama imeandikwa "hatua 70 kwa 70" bila kusema hatua ya nani, mtakuwa na kazi. Nakuombea iwe imeandikwa ekari.

SWALI: Kwenye taarifa ya habari nasikia "kilowati kwa saa". Nikinunua umeme wa LUKU napewa uniti. Je, ni kitu kimoja? (Fundi cherehani, Tanga)

JIBU: Uniti moja ni kilowati-saa moja. Pasi yako ya umeme ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kujizima imekula uniti moja. Taa ya wati 10 itahitaji saa 100 kuila hiyo hiyo uniti. Kwa vizio vya darasani ni jouli 3,600,000, kwa sababu wati ni jouli moja kila sekunde na saa ina sekunde 3,600.

Lakini hiyo "kilowati kwa saa" ya watangazaji inaniumiza, na si kwa ubishi wa kilugha. Neno letu "kwa" lina kazi mbili zinazopingana. Tukisema "shamba sabini kwa sabini" tunazidisha. Tukisema "gari linakwenda kilomita 80 kwa saa" tunagawa. Mtoto anayesikia "kilomita kwa saa" asubuhi na "kilowati kwa saa" jioni atadhani ni mtindo uleule, agawe kilowati kwa saa, na hapo ameshapotea. Nimesahihisha mamia ya karatasi zenye kosa hilo hilo. Watoto walikuwa wanaitafsiri lugha kwa uaminifu, lugha ndiyo iliyowaangusha. Nawaomba wahariri wa habari, na walimu wenzangu, tuseme "kilowati-saa" pale tunapozidisha. Tukigawa tuseme "kwa kila": kilomita 80 kwa kila saa, mita 9.8 kwa kila sekunde mraba. Neno moja la "kila" linaondoa utata wote. Mimi nilianza kulitumia darasani mwaka wangu wa tano wa kazi, nikajuta nilikuwa wapi miaka minne.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Kidato cha Kwanza. Nimeandika uzito wa mfuko wa saruji ni kilo 50, nimewekewa kosa. Mbona mfuko wenyewe umeandikwa kilo 50? Baba yangu ni fundi ujenzi na yeye anasema niko sahihi. (Mwanafunzi, Mbeya)

JIBU: Marahaba binti yangu. Mwambie baba kwamba site yuko sahihi, na wewe ukiwa maabara hauko sahihi. Si kwamba watu wa maabara wana akili kuliko mafundi. Shida ni kwamba mtaani neno "uzito" linabeba mizigo miwili, na fizikia inaitua mmoja mmoja.

Mzigo wa kwanza ni wingi wa kitu chenyewe, saruji kiasi gani imo mle mfukoni. Huo tunauita tungamo, na kizio chake ni kilogramu. Mfuko una tungamo la kilo 50. Mzigo wa pili ni jinsi dunia inavyouvuta ule mfuko kwenda chini, ndio ule unaohisiwa na bega la kibarua. Huo ndio uzito, ni kani, na kizio chake ni nyutoni. Chukua 50 zidisha kwa 9.8, ni nyutoni 490. Kwa Kidato cha Kwanza mnaruhusiwa kutumia 10, basi ni 500.

Utasema, tofauti iko wapi kama kimoja kinafuatana na kingine? Nenda sokoni utazame mizani mbili. Kuna ile ya vitanga viwili, huku bidhaa, huku mawe ya chuma. Na kuna ile ya kuning'iniza yenye spring ndani na mshale mbele, wanayopimia samaki na kuku. Sasa zibebe zote mbili tuzipeleke mwezini pamoja na saruji ya baba. Mizani ya vitanga itasema kilo 50 vilevile, kwa sababu mwezi unaivuta saruji kidogo na mawe nayo unayavuta kidogo vilevile, hawapunjani. Ile ya spring itasema kilo 8 na kidogo. Saruji haijapungua hata punje. Ukichanganya zege mwezini, mfuko ule utatosha tofali zilezile. Kilichopungua ni mvuto, mara 6. Mizani ya vitanga inalinganisha tungamo kwa tungamo. Ya spring inapima kani, halafu mtengenezaji ameichorea namba za kilo akijua utaitumia hapahapa duniani.

Katika mtihani ukiona neno la uzito, andika nyutoni. Ukiwa dukani sema "uzito kilo 50" bila wasiwasi, utaeleweka. Mimi mwenyewe nikienda buchani sisemi "nipimie nyama ya tungamo la kilo moja".

SWALI: Mwalimu, mdogo wangu wa darasa la sita ameniuliza nani aliyesema kilo iwe nzito hivi. Nimekosa jibu. (Dada mtu, Kahama)

JIBU: Mdogo wako ana kichwa kizuri, mtunze. Walioamua ni Wafaransa, baada ya mapinduzi yao ya 1789. Kila mji kwao ulikuwa na kipimo chake, na mwenye shamba na mkulima hawakuelewana nani kampunja nani. Wakakubaliana kilo moja iwe tungamo la lita moja ya maji. Mpe mdogo wako chupa ya maji ya lita moja aishike, hiyo ndiyo kilo, ukitoa ile plastiki yenyewe.

Tabu ya maji ni kwamba yanamwagika, yanapanuka, yanakauka. Mwaka 1889 nchi zilizotia sahihi mkataba wa mita zikakubali kipande cha chuma kiwe ndiyo kilo ya dunia: silinda ya platinamu iliyochanganywa na iridiamu, kimo milimita 39 na kipenyo milimita 39. Iliwekwa Sèvres, nje kidogo ya Paris, chini ya vifuniko vya kioo, kwenye chumba kilichofungwa kwa funguo tatu zilizoshikwa na watu watatu. Nchi mbalimbali zilipewa nakala. Basi nakala zilipolinganishwa baada ya miaka karibu mia, zilikuwa zimeachana na ile ya asili kwa mikrogramu 50 hivi. Ni kitu kidogo kuliko chembe ya mchanga. Lakini fikiria ugumu wake: kama kilo yenyewe ndiyo imebadilika, utaipima kwa nini? Kwa hiyo tarehe 20 Mei 2019 kile chuma kikastaafu. Sasa kilo inatokana na namba ya Planck ambayo haibadiliki popote, kama vile mita inavyotokana na mwendo wa mwanga, mita 299,792,458 kwa kila sekunde. Wengi hawakujua kwamba siku ile mzani wa dunia ulihamishwa huku wao wakinunua nyanya.

Mwambie mdogo wako na habari hii ya kwetu. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba Usukumani. Kila asubuhi kabla ya mkulima wa kwanza kupandisha mzigo, alikuwa anauacha mzani mtupu, anawaita wakulima wawili watatu waje waone mshale umesimama kwenye sifuri. Halafu anatundika jiwe la chuma la kilo 20 lililopigwa muhuri wa serikali, na kuwauliza mmoja mmoja, "Unasoma ngapi?" Kulikuwa na mzee asiyejua kusoma, na baba alimwita hata huyo, akamwonyesha kwa kidole mahali mshale ulipogusa, akamwambia aushike huo mchoro moyoni. Nilikuwa na miaka 8 au 9, nilimpelekea uji. Sikujua kwamba nilikuwa naangalia somo ambalo baadaye ningelifundisha kwa jina la "kosa la sifuri". Siku hizi kazi ya kukagua mizani ya biashara ni ya Wakala wa Vipimo, na mizani iliyokaguliwa hubandikwa stika. Ukiwa sokoni itazame kabla ya kutazama nyanya.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu mwenzako, mwaka wa kwanza kazini, shule ya kata. Nina wanafunzi 64 na venia kalipa (kifaa cha kupimia urefu mdogo) moja, nayo imelegea. Nawafundishaje kuisoma? Nimechora ubaoni, wanakariri tu. (Mwalimu, Kigoma)

JIBU: Marahaba mwanangu, na karibu kazini. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nami nilianza hivyohivyo, kalipa moja darasa zima, wanafunzi wakipitishiana kama kikombe cha ushirika, wa mwisho anaipata kengele imelia. Nilichofanya kilinisaidia hadi nikastaafu, hata shule iliponunua kalipa kumi sikukiacha.

Nunua karatasi za manila. Kila mwanafunzi akate vipande viwili vyembamba. Kwenye cha kwanza achore mistari kila sentimita moja kwa rula, kutoka 0 hadi 20. Hiyo ni skeli kuu. Kwenye cha pili achore mistari kila milimita 9, aanze na 0 hadi afike 10. Simamia hapo, usiende mezani kwako, maana wengi watachora kila sentimita moja kwa mazoea. Wakimaliza, ule mstari wa 10 wa kipande cha pili uwe kwenye sentimita 9 kamili. Hiyo ndiyo skeli ya venia, iliyobuniwa na Mfaransa Pierre Vernier mwaka 1631. Nilipowaambia wanafunzi wangu kwamba "venia" ni jina la mtu, wakaacha kuliogopa.

Sasa waambie walaze kiberiti kando ya skeli kuu, ukingo wake mmoja kwenye 0. Wasogeze kipande cha venia hadi 0 yake iguse ukingo wa pili wa kiberiti. Uliza: sifuri ya venia imepita ngapi? Watasema imepita 5 haijafika 6. Kwa hiyo ni sentimita 5 na kitu. Hicho kitu ni ngapi? Hapo kaa kimya. Waache wainame, pua ziguse meza, wautafute mstari mmoja wa venia uliokutana uso kwa uso na mstari wa skeli kuu. Nakumbuka binti mmoja wa nyuma, aliyekuwa haongei kabisa, ndiye aliyepiga kelele "Mwalimu, wa tatu umeungana!" Basi ni 5.3.

Usiishie hapo, kwa sababu hapo ndipo kukariri kunapoanzia. Waulize kwa nini. Kila hatua ya venia ni fupi kwa milimita 1 kuliko hatua ya skeli kuu. Kama mstari wa 0 umetangulia kwa milimita 3 kupita 5, ule wa kwanza utakuwa umetangulia kwa 2, wa pili kwa 1, na wa tatu umefikiwa. Ni kama watu wawili wanaotembea, mwenye hatua fupi ametangulizwa mbele kidogo, na wewe unahesabu hatua hadi mwenzake amfikie. Hatua ngapi? Tatu. Basi alitangulizwa milimita 3. Akishaelewa hilo, hata umpe kalipa yenye venia ya mistari 20 au 50 ataisoma.

Kisha ndipo utoe ile kalipa yako moja. Ni kitu kilekile kilichopunguzwa mara kumi: milimita 9 zimegawanywa vipande 10, kwa hiyo inasoma hadi sentimita 0.01. Na usisikitike kwamba imelegea, itumie. Ifunge bila kitu ndani, waonyeshe inasoma ngapi. Kama inasoma sentimita 0.03 wakati haijashika chochote, kila watakachopima watoe 0.03. Kama sifuri ya venia imerudi nyuma ya sifuri kuu, wataongeza. Kalipa mpya isiyo na kasoro haiwezi kuwafundisha hilo.

Wape kazi moja ya nyumbani: unene wa karatasi moja ya daftari. Wasiambiwe njia. Wengi watakuja na "haipimiki". Mmoja au wawili watabana karatasi 40 kwa pamoja, wapime, wagawe. Majina yao yaandike ubaoni, juu kabisa, na uyaache wiki nzima.

SWALI: Muuza bati ananiambia geji 32 ni bora kuliko geji 28 kwa kuwa namba ni kubwa. Nichukue? (Mjenzi, Bagamoyo)

JIBU: Usichukue. Geji inakwenda kinyume: namba ikipanda, bati linapungua unene. Inatokana na mafundi wa nyaya wa zamani waliokuwa wakivuta waya kupitia tundu jembamba, kisha jembamba zaidi, na kila mvuto ukihesabiwa. Kwenye jedwali la Kiingereza la geji, 28 ni milimita 0.38 hivi, 30 ni 0.32, na 32 ni 0.27. Kwa kuwa majedwali ni zaidi ya moja, usibishane naye kwa geji. Muulize ni milimita ngapi, na aiandike kwenye risiti.